Hukumu Iliyotangulia Ushahidi

Mwaka 1967 kilichapishwa nchini Uingereza kitabu kidogo cha kijana aitwaye Nigel Hunt. Alikipiga chapa mwenyewe kwa taipureta, akieleza safari zake, muziki alioupenda na watu aliokutana nao. Kingepita kama kumbukumbu za kawaida za ujana, ila mwandishi wake alizaliwa na sindromu ya Down, na kabla yake hakuna mtu wa hali hiyo aliyejulikana kuchapisha kitabu. Wazazi wake walikuwa wameambiwa mapema kwamba hata wampe upendo na malezi ya namna gani, mtoto huyo hatakuwa na akili ya kufundishika. Mama yake hakukubali. Alimfundisha kusoma kwa kutamka sauti za herufi moja moja, kama wanavyofundishwa watoto wengine. Dibaji ya kitabu iliandikwa na Profesa Lionel Penrose, mmoja wa mabingwa wa jenetiki wa zama zake.

Angalia miaka yenyewe. Sheria ya Uingereza wakati huo iliruhusu mtoto aliyepimwa na kuonekana ana akili ndogo mno atangazwe kuwa hafundishiki, kisha aondolewe mikononi mwa mamlaka ya elimu na kukabidhiwa mamlaka ya afya. Sheria iliyofuta utaratibu huo ilipitishwa mwaka 1970 na kuanza kutumika Aprili 1971. Kwa hiyo kitabu cha Hunt kilitoka miaka minne kabla nchi yake haijakubali kwamba kila mtoto kama yeye ana haki ya kuwa na mwalimu.

Watu mashuhuri wenye sindromu ya Down husimuliwa kama miujiza. Fulani kashinda tuzo, fulani kamaliza mbio, fulani kaingia bungeni. Msomaji anaguswa, anafuta machozi, anafunua ukurasa mwingine. Naamini kuwasimulia hivyo kunawapunja wao na kunatupunja sisi pia. Mafanikio yao yana historia. Yapange kwa miaka, kisha weka kando yake miaka ya sheria za elimu, ya upasuaji wa moyo na ya kufungwa kwa makao walikotengwa. Utaona kwamba karibu kila fanikio lilikuja baada ya kutolewa kitu ambacho hapo kwanza watu hawa walinyimwa. Kwa zaidi ya karne moja dunia iliwahukumu kuhusu uwezo wao kabla ya kuwapa nafasi ya kuuonyesha. Hawa tunaowajua leo ni mashahidi wa mwanzo kusikilizwa.

Aliyeieleza hali hii kitabibu kwa ukamilifu ni daktari Mwingereza, John Langdon Down, mwaka 1866, akiwa msimamizi wa makao ya Earlswood, kusini mwa London. Aliwapanga wagonjwa wake kwa sura, akifuata madaraja ya mbari yaliyoaminiwa na wasomi wa siku zile, na kundi hili akaliita Wamongolia. Jina hilo lilidumu karibu miaka mia moja, hadi wanasayansi walipotaka liachwe mwaka 1961, na Shirika la Afya Duniani likaliacha mwaka 1965 baada ya Mongolia kulalamika. Chanzo halisi kilikuja kugunduliwa Paris, kwa kazi ya maabara ya daktari Marthe Gautier, na matokeo yakatangazwa mwaka 1959 jina la Jérôme Lejeune likiwa mbele. Kwa kawaida seli ya binadamu ina kromosomu 46. Watu wengi wenye sindromu ya Down wana 47, kwa kuwa kromosomu ya 21 imekuja tatu badala ya mbili. Hali hii hailetwi na laana, wala kosa la mama, wala mkono wa mtu. Kati ya 1866 na 1959 madaktari walikuwa na jina la kuwaita watu hawa bila kujua kilichowafanya wawe hivyo, na muda wote huo hawakusita kutabiri wasichoweza.

Hali yenyewe ina uzito wake, na kuuficha hakumsaidii mtu. Misuli ya mtoto huwa milegevu, hivyo huchelewa kukaa, kutembea na kusema. Takriban nusu huzaliwa na kasoro ya moyo. Wengi husikia kwa shida, mara nyingi kwa sababu ya majimaji yanayotuama ndani ya sikio. Kujifunza huenda polepole, na kumbukumbu ya maneno yaliyosikiwa huwa dhaifu kuliko kumbukumbu ya vitu vilivyoonwa. Ndiyo maana wengi hushika neno lililoandikwa upesi kuliko lililotamkwa tu. Uwezo hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Lakini moyo unatibika. Sikio linatibika. Misuli hujengwa kwa mazoezi, na mwalimu anayetumia picha na maandishi hupata njia ya kupita pale ambapo masikio peke yake yangekwama. Sehemu kubwa ya kile kilichoitwa maumbile ya watu hawa ilikuwa matokeo ya kutotibiwa na kutofundishwa.

Umri wao unathibitisha hilo kuliko kitu kingine chochote. Katika miaka ya 1940 mtoto aliyezaliwa na sindromu ya Down alitarajiwa kuishi miaka kama 12. Nchini Marekani umri wa kati wa kufariki ulikuwa miaka 25 mwaka 1983, ukapanda hadi 49 mwaka 1997, na leo katika nchi zenye huduma nzuri mtu wa hali hii anatarajiwa kufika miaka 60. Kromosomu ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba madaktari walianza kuwafanyia upasuaji wa moyo, na familia zikawalea nyumbani badala ya kuwapeleka kwenye makao yaliyojaa watu na maradhi.

Kabla ya hapo, matibabu yaliyojulikana vizuri yaliweza kukataliwa kwa sababu tu ya sura ya mtoto. Aprili 1982, mjini Bloomington katika jimbo la Indiana, alizaliwa mtoto mwenye sindromu ya Down ambaye umio wake haukuungana na tumbo. Upasuaji wa kurekebisha tatizo hilo ulikuwepo. Wazazi, wakifuata ushauri wa daktari wa uzazi, walikataa asifanyiwe, na mahakama zikawaruhusu. Mtoto hakulishwa, akafa akiwa na siku sita. Mjadala uliowaka baada ya kifo chake ulichangia Bunge la Marekani kubadili sheria mwaka 1984, ili kumnyima matibabu mtoto mchanga mwenye ulemavu kuhesabiwe kuwa ni kumtelekeza. Hatutajua kamwe mtoto yule angekuwa nani.

Uzito wa hukumu hii unaonekana wazi katika maisha ya Judith Scott. Alizaliwa Mei 1, 1943, jimboni Ohio, yeye na pacha wake Joyce. Joyce hakuwa na sindromu ya Down. Judith alikuwa nayo. Walikua wakicheza pamoja na kulala pamoja. Kulikuwa na jambo moja ambalo watu wazima hawakuligundua: Judith alikuwa kiziwi. Alipopelekwa kupimwa akili aliulizwa maswali kwa mdomo. Hakusikia, hakujibu, na kimya chake kikaandikwa kuwa ni upungufu wa akili usioruhusu elimu. Mwaka 1950, akiwa na miaka 7, alichukuliwa pacha wake angali usingizini na kupelekwa kwenye makao ya serikali. Joyce alipoamka, nafasi ya mwenzake ilikuwa tupu. Judith aliishi katika makao ya namna hiyo kwa miaka 35. Joyce alipokuja kusoma kumbukumbu za huko, alikuta habari ya kalamu za rangi: Judith alitaka kuchora, akanyang'anywa, kwa maelezo kwamba akili yake haitoshi kuchora.

Mwaka 1985 Joyce alifanikiwa kuwa mlezi wake kisheria na kumhamishia California. Jimbo hilo lilikuwa na sheria inayompa mtu mwenye ulemavu wa akili haki ya kupata huduma na mafunzo hata akiwa mtu mzima. Mjini Oakland kulikuwa na Creative Growth, karakana ya sanaa iliyoanzishwa mwaka 1974 na mtu na mkewe, Elias Katz na Florence Ludins-Katz, kwa ajili ya watu wazima wenye ulemavu. Judith alianza kwenda huko mwaka 1987, akiwa na miaka zaidi ya 40. Alipewa rangi na karatasi. Akachora viduara, akachoka. Muda mrefu ukapita bila dalili kwamba kazi hiyo inamgusa, na nafasi yake mezani ikabaki kuwa yake. Ndipo msanii wa nyuzi, Sylvia Seventy, alipokuja kufundisha. Judith hakulifuata somo lililotolewa. Alikusanya vijiti, akavifunga kwa uzi, akavitia rangi, na tangu siku hiyo hakuacha kufunga mpaka mwisho wa maisha yake.

Alifanya kazi hivi. Kwanza alichagua kitu cha kuweka ndani, na mara nyingi alikichukua tu alipokiona: gurudumu la baiskeli, feni, kiti, rundo la magazeti. Alikikaza kwa kamba, kisha akakizungushia nyuzi na vitambaa vilivyochanwa, tabaka juu ya tabaka, akipitisha uzi mmoja chini ya mwingine, akivuta, akirudi nyuma, akibadili rangi, kwa wiki na hata miezi. Mwishoni kitu cha ndani hakikuonekana tena, na nje lilibaki umbo lisilofanana na chombo chochote tunachokijua, lenye mabonde na mafundo na rangi zilizopangwa kwa makini. Wakati mmoja, alipokosa nyuzi, alichukua karatasi za kukaushia mikono, akazisokota na kufunga nazo. Ikatoka kazi nyeupe tupu ambayo ni miongoni mwa zinazosifiwa zaidi. Mwenyewe ndiye aliyejua kazi imekamilika lini. Aliisukuma mbali, akakung'uta mikono, akatafuta kitu kingine. Picha za eksirei zilizopigwa baadaye zimeonyesha vitu alivyovifunika ndani ya baadhi ya kazi hizo.

Aliendelea hivyo kwa miaka 18, akaacha kazi zaidi ya 200. Nyingine ziko Museum of Modern Art jijini New York. Brooklyn Museum ilimwandalia maonyesho makubwa ya kazi zake peke yake mwaka 2014, na mwaka 2017 zilionyeshwa katika Venice Biennale. Alifariki mwaka 2005 akiwa na miaka 61, mara tano ya umri aliotarajiwa kufikisha alipozaliwa. Hakuwahi kueleza kwa maneno alichokusudia, kwa sababu hakuwa na maneno. Alikuwa na kipaji, na walau mtu mmoja aliyekataa kumsahau.

Mimi huumia nikifikiria miaka ile 35. Mikono iliyokuja kufunga kazi zile ilikuwepo mwaka 1955, ilikuwepo mwaka 1970, imekaa bure kwenye wodi kwa sababu ya jaribio lililofanywa kwa maswali ambayo mtoto hakuyasikia. Tena Judith hakuwa peke yake mle ndani. Alizungukwa na mamia ya watu ambao hawakuwa na pacha wa kuwatafuta.

Pablo Pineda alianzia mahali tofauti kabisa. Alizaliwa Málaga, Hispania, mwaka 1974, na wazazi wake wakampeleka shule ya kawaida. Amesimulia mara nyingi kwamba alikuwa na miaka sita au saba pale Profesa Miguel López Melero wa Chuo Kikuu cha Málaga alipomweleza kuwa ana sindromu ya Down. Mtoto akauliza kama maana yake ni kwamba yeye ni mjinga. Akajibiwa hapana. Akauliza kama ataendelea kusoma na wenzake. Akajibiwa ndiyo. Hayo mengine hayakumsumbua. Alisoma msingi, sekondari, kisha ualimu na saikolojia ya elimu katika chuo kikuu hicho hicho, akawa mtu wa kwanza mwenye sindromu ya Down barani Ulaya kuhitimu chuo kikuu. Mwaka 2009 aliigiza mhusika mkuu katika filamu ya Yo, también na kushinda tuzo ya mwigizaji bora wa kiume katika tamasha la San Sebastián. Baadaye alifanya kazi na taasisi inayowashawishi waajiri kuwaajiri watu wenye ulemavu, akizungumza nao ana kwa ana.

Nchi hiyo hiyo ikaja kutoa wengine. Julai 2013 Ángela Bachiller aliapishwa kuwa diwani wa mji wa Valladolid, wa kwanza nchini humo mwenye sindromu ya Down. Kabla ya hapo alikuwa karani katika halmashauri ile ile. Mwaka 2023 Mar Galcerán, akiwa na miaka 45, aliingia katika bunge la jimbo la Valencia. Aliingia kwa njia ambayo wanasiasa wengi huipitia: alijiunga na chama chake akiwa na miaka 18, akafanya kazi serikalini kwa zaidi ya miaka 20, akaongoza jumuiya ya familia zenye watoto wa hali yake, kisha chama kikamweka kwenye orodha ya wagombea.

Kwa nini Hispania? Mwaka 1982 nchi hiyo ilitunga sheria ya kuwaingiza watu wenye ulemavu katika maisha ya jamii, ikazitaka kampuni zenye wafanyakazi zaidi ya 50 zitenge asilimia mbili ya ajira kwa ajili yao. Mwaka 1985 likafuata agizo la kuwapokea watoto hao katika shule za kawaida. Galcerán alikuwa mtoto wa shule wakati huo, na Bachiller alikua katika mfumo huo huo. Kutoka agizo la darasani hadi kiapo cha bungeni ni miaka 38, muda wa kutosha mtoto kukua, kusoma, kufanya kazi na kuaminiwa. Hakuna njia ya mkato. Nchi inayotaka kuona matunda ya namna hiyo mwaka 2060 inapaswa kupanda sasa.

Michezo nayo ina ushahidi wake, na pengine ndiyo iliyopingwa zaidi, kwa kuwa ulegevu wa misuli na ubovu wa moyo ni mambo yanayoonekana kwa macho. Eunice Kennedy Shriver alipofungua michezo ya kwanza ya Special Olympics mjini Chicago, Julai 1968, wataalamu wengi waliona hatari kuwakimbiza watu wenye ulemavu wa akili. Mwaka 2001 Karen Gaffney, Mmarekani mwenye sindromu ya Down, alikuwa katika timu iliyoogelea kwa kupokezana kuvuka mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Mwaka 2007 aliogelea peke yake kukata Ziwa Tahoe, umbali wa kilomita zipatazo 14, katika maji baridi ya milimani.

Novemba 7, 2020, ikaja zamu ya Chris Nikic, kijana wa miaka 21, huko Panama City Beach, Florida. Mashindano ya Ironman humtaka mtu aogelee kilomita 3.8, aendeshe baiskeli kilomita 180, kisha akimbie mbio za marathoni, yote ndani ya saa 17. Nikic alikuwa amepasuliwa moyo akiwa mtoto mchanga na alichelewa sana kutembea. Yeye na baba yake walikubaliana kwamba kila siku aongeze asilimia moja tu juu ya ile ya jana, na kwa kweli ni kibaba kilichojazwa haba na haba. Siku ya mashindano rafiki yake Dan Grieb alikuwa naye njia nzima, wakiunganishwa kwa kamba walipokuwa majini. Njiani Nikic alianguka na baiskeli, na aliposimama kupumzika akashambuliwa na siafu. Alipofika kwenye marathoni miguu ilikuwa imekwisha nguvu. Alimaliza kwa saa 16, dakika 46 na sekunde 9. Zilibaki dakika zisizofika 14, naye akawa mtu wa kwanza wa hali yake kumaliza mashindano hayo.

Ukilisoma fanikio hilo kwa makini utawakuta ndani yake daktari wa upasuaji, baba mwenye subira, makocha waliomfundisha na rafiki aliyekubali kukimbia kwa mwendo wa mwenzake. Kuwataja hao hakumpunguzii Nikic chochote. Miguu iliyouma ilikuwa yake. Lakini kila bingwa duniani ana daktari, kocha na wenzake wa mazoezi, na hatusemi kwamba ushindi wake si wake. Watu wenye sindromu ya Down walipungukiwa na hao wa kuwazunguka, ambao wanariadha wengine huwapata bila kuulizwa kama wanastahili.

Katika uigizaji, mwaka wa kukumbukwa ni 1996. Mbelgiji Pascal Duquenne, mwenye sindromu ya Down, alicheza na Daniel Auteuil katika filamu ya Le Huitième Jour ya Jaco Van Dormael, na majaji wa Cannes wakawapa wote wawili tuzo ya mwigizaji bora wa kiume. Auteuil alikuwa miongoni mwa waigizaji wakubwa wa Ufaransa. Majaji hawakubuni tuzo ya huruma pembeni kwa ajili ya mwenzake. Waliigawa ile ile moja kwa usawa. Van Dormael alikwisha kumtumia Duquenne katika filamu yake ya mwaka 1991, kwa hiyo alijua anamwita nani. Mwaka 2023 filamu fupi ya An Irish Goodbye ilishinda Oscar, nyota wake akiwa James Martin wa Ireland ya Kaskazini. Martin anaigiza kijana ambaye mama yake amefariki, na kaka yake anataka kumpeleka kwa shangazi ilhali yeye anataka kubaki na kulima shamba lao. Hilo ni swali halisi kwa familia nyingi: mzazi akiondoka, nani ataamua mtu huyu aishi wapi, na je, yeye mwenyewe ataulizwa?

Nimewataja watu wa kwanza wengi, na lazima niseme kwa nini orodha hii isigeuzwe kuwa mtihani wa kuingilia. Wako watu wenye sindromu ya Down ambao hata wapewe kila kitu hawatasoma kitabu wala kukimbia kilomita moja. Anne de Gaulle alikuwa mmoja wao. Alikuwa binti mdogo wa Charles de Gaulle, alizaliwa mwaka 1928, na hakuweza kuzungumza vizuri maisha yake yote. Familia nyingi za hadhi yao ziliwapeleka watoto kama yeye mbali wasionekane. De Gaulle na mkewe Yvonne walimlea nyumbani, wakamchukua walikohamia, na jenerali huyo aliyejulikana kwa ukavu wake alimwimbia na kucheza naye. Anne alifariki Februari 1948 akiwa na miaka 20. Wazazi wake walikuwa wameanzisha taasisi kwa jina lake ya kuwatunza wasichana wenye ulemavu wa akili wasio na mtu, na taasisi hiyo ipo hadi leo. De Gaulle alipofariki mwaka 1970 alizikwa kando ya binti yake, katika makaburi ya kijiji cha Colombey-les-Deux-Églises. Anne hakushinda tuzo, na haki yake ya kupendwa na kutunzwa haikuwa na upungufu. Mafanikio ya wengine yanatuonyesha kwamba hukumu ilikuwa ya uongo. Hayampi mtu ubinadamu, maana alikuwa nao tangu mwanzo.

Kwetu Afrika Mashariki hatukujenga makao makubwa kama yale ya Ohio. Tulikuwa na chumba cha nyuma, na katika nyumba nyingi bado tunacho. Wageni wakija mtoto huingizwa ndani. Mama hunong'onezwa kwamba kuna kitu alikifanya, na baba wengine huondoka. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa msemo huo una maana ya moja kwa moja: mtoto aliyefichwa hapimwi moyo, na kasoro ambayo ingerekebishwa mapema humuua kabla hajafika umri wa kwenda shule. Halafu kifo hicho huchukuliwa kuwa ushahidi kwamba watoto wa aina hii hawaishi.

Si kwamba hatuna pa kuanzia. Kenya iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009; mwaka 2010 Tanzania ikatunga sheria yake ya watu wenye ulemavu. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, hufanya upasuaji wa moyo kwa watoto. Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha huandaa walimu wa elimu maalumu, na Kenya ina taasisi yake ya KISE tangu mwaka 1986. Special Olympics ina wanamichezo katika nchi zetu. Umbali uliopo ni kati ya vitu hivyo na mama aliyejifungua wiki hii katika zahanati ya kijijini, akaambiwa mtoto wake "yuko hivyo" na kurudishwa nyumbani bila karatasi ya rufaa.

Kutokana na maisha niliyoyaeleza, mambo manne yanajitokeza kuwa ndiyo yaliyoleta tofauti, na kila moja lina mtu anayewajibika nalo. La kwanza ni moyo: kila mtoto anayezaliwa na dalili za sindromu ya Down apewe rufaa ya kipimo cha moyo katika wiki zake za mwanzo. La pili ni masikio na macho, yapimwe kabla mtu yeyote hajaandika neno kuhusu akili yake, tusije tukamfanyia mtoto wetu kile alichofanyiwa Judith Scott. La tatu ni darasa: mwalimu mkuu amwandikishe, na wizara impatie mwalimu aliyefunzwa pamoja na vifaa vya picha na maandishi. La nne ni kazi. Watoto wengi wanaobahatika kupata kitengo maalumu humaliza shule na kurudi kukaa nyumbani, wakati Bachiller alianza na meza ya karani na Scott alianza na nafasi mezani ambayo hakuna aliyemharakisha aiachie.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji kwanza tuthibitishiwe kwamba mtoto ana kipaji. Wazazi wa Pineda hawakujua kwamba wanalea mhitimu wa chuo kikuu. Walijua wana mtoto wa umri wa kwenda shule, wakampeleka. Mzazi wa Temeke, Kisumu au Bukavu mwenye mtoto wa hali hii ana haki ya kudai mambo hayo manne bila kuomba radhi, na sisi wengine, majirani, walimu, wauguzi na waajiri, tuna wajibu wa kusimama naye anapoyadai.